Nani Hayupo Leo?

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi mjini Ahero, Kaunti ya Kisumu, Siku ya Walimu Duniani

Bwana Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, wazee wetu, wachungaji, akina mama na akina baba, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mlioketi pale mbele juani, hamjambo? Oyawore. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemruka, aniwie radhi, maana nina jambo moja tu la kusema na ningependa kulimaliza kabla jua halijawachoma hawa watoto.

Nimekuja na kitu. Nakiinua ili hata walio nyuma wakione. Ni daftari refu lenye jalada gumu, pembe zake zimeliwa na mende, na ukilifungua linanuka stoo. Mwalimu mkuu amenikubalia kulitoa kwa leo tu, na jioni lazima lirudi. Ni rejista ya darasa la tano, mwaka 1996. Ina majina 53, na mwandiko ni wangu. Kila jina lina mstari wake, kila siku ina vyumba viwili, cha asubuhi na cha alasiri. Aliyekuwepo nilimwekea kistari cha wino wa buluu. Asiyekuwepo nilimwandikia sifuri kwa wino mwekundu.

Mtu akitaka kuchora picha ya mwalimu humpa chaki mkononi. Nimeshika chaki miaka 37, tangu nilipotoka chuo cha walimu cha Asumbi mwaka 1984 hadi nilipostaafu, na chaki naiheshimu. Lakini nikiulizwa kazi yetu imekaa wapi hasa, nitaonyesha rejista.

Kuita majina asubuhi kunaonekana kazi ndogo. Mpita njia akisikia dirishani atadhani ni kupoteza muda. Wewe uliye mbele ya darasa unajua unachokisikiliza. "Nipo, mwalimu." Kuna "nipo" ya mtoto aliyekunywa uji na kuna "nipo" ya aliyelala njaa, na hazifanani hata kidogo. Kuna anayeitika huku ameangalia mlango. Kuna anayemwitikia mwenzake kwa sauti ya kuigiza, nawe unainua macho ukijua kwamba huyo mwenzake yuko mahali ambapo hapaswi kuwa. Na kuna jina unaloliita, kisha kunakuwa kimya. Unaliita tena. Watoto wanageuka kutazama dawati. Hapo ndipo kazi ya siku huanza.

Sisi wa bonde hili la Kano tunazijua sababu zake. Mpunga ukianza kukomaa, mvulana anapelekwa shambani kabla hakujapambazuka kuamia ndege. Anashinda juani na debe na kombeo mpaka kwelea na shomoro warudi mateteni. Siku ya soko, msichana anabaki na mtoto mchanga ili mama aende kuuza. Mvua za Aprili zikiwa kubwa, mto Nyando unavunja kingo zake, na darasa zima linageuka mistari ya sifuri nyekundu. Mwaka mmoja maji yaliingia mpaka kwenye madarasa yetu, watu wakaja kulala humo na kuku wao na magodoro. Mimi rejista niliifunga ndani ya karatasi ya nailoni, nikaibeba kichwani kama mtungi. Tulipopata mahali pakavu kanisani niliita majina yote. Waliitika 31. Jioni hiyo tuligawana na walimu wenzangu njia za kwenda kuwatafuta waliosalia, na tuliwapata wote. Sisemi hili kwa kujisifu. Nasema kwa sababu bila lile daftari tusingejua tunamtafuta nani.

Sasa niwasimulie jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu wengi.

Katika rejista hii, mstari wa 19, kuna msichana. Nitamwita Akinyi, ingawa si jina lake. Mwezi wa Juni, tazameni, ana sifuri nyekundu siku tisa mfululizo. Siku ya kumi akaja. Wakati ule kiboko kilikuwa kimeruhusiwa, na mimi nilikuwa mwalimu anayesifiwa kwa nidhamu. Nilimwita mbele, nikamuuliza alikuwa wapi. Akanyamaza. Nikamchapa viboko vinne viganjani, viwili kila kiganja. Hakulia, na kule kutolia kwake nikakuona ni kiburi.

Wakati wa mapumziko, rafiki yake akanisogelea, akavuta kitambaa changu na kuninong'oneza: "Madam, mama yake haamki."

Jioni nilikwenda. Nilikuta nyumba ya chumba kimoja, mlango uko wazi. Mama amelala kitandani amekonda mpaka shuka limelala juu yake kama limetandikwa kitanda kitupu. Mnakumbuka miaka ile, na ugonjwa ambao watu hawakuutaja kwa jina. Majirani walikuwa wameacha kupita njia hiyo. Hapakuwa na mtu mzima mwingine. Akinyi, umri wake miaka 11, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na beseni la maji. Viganja nilivyovichapa asubuhi vilikuwa vinakamua kitambaa. Na juu ya rafu, kando ya taa ya koroboi, palikuwa na daftari lake la hisabati. Nikalifungua. Masomo yote ya siku zile tisa yalikuwemo. Kila usiku alikuwa akienda kwa yule rafiki yake kunakili.

Nilimwomba msamaha mtoto yule mbele ya mama yake. Kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu wa wakati huo, na kwa mchungaji, na kwa akina mama wa kikundi, tukaanza kupeana zamu. Mama alifariki mwaka uliofuata. Akinyi alimaliza darasa la nane.

Sikumchapa mtoto tena. Serikali ilipopiga marufuku kiboko mwaka 2001, baadhi ya wenzangu walilalamika kwamba tumevuliwa silaha. Mimi nilishukuru. Na tangu jioni ile nilijiwekea kanuni: sifuri mbili mfululizo, naenda nyumbani kwa mtoto. Kwa miguu, baada ya kipindi cha mwisho, kabla sijaandika maandalio ya somo la kesho.

Kanuni hiyo niliishika miaka sita. Kisha ikavunjika, na ningetaka wazazi walioko hapa waelewe ilivunjikaje.

Januari 2003 serikali mpya ilifuta karo katika shule za msingi. Siwezi kuwaeleza furaha ya juma lile. Nilikuwa nimepewa darasa la kwanza. Siku ya gwaride la kwanza walikuja watoto ambao nilikuwa nikiwaona mtoni na sokoni, na wengine sikuwahi kujua kwamba wapo. Mvulana wa miaka 13 aliketi darasa la kwanza, na magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Nchi nzima, waliokuwa kama milioni 5.9 mwaka uliotangulia walifika milioni 7.2. Mwaka uliofuata, kule Eldoret, mzee Kimani Maruge aliyekuwa na umri wa miaka 84 alivaa kaptula na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, na mwalimu Jane Obinchu akampokea ingawa wapo waliosema mzee anachukua nafasi ya watoto. Huwa namkumbuka yule mwalimu kila anapotajwa mzee. Kuna mtu aliyelazimika kuandika jina lile kwenye rejista na kulitetea.

Lakini walimu hawakuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Rejista yangu ya 2002 ilikuwa na majina 47. Ya 2003 ilikuwa na 108. Kurasa hazikutosha, nikabandika karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo. Kuita majina 108 kunamaliza nusu ya kipindi, basi nikaanza kuita haraka haraka, kisha nikaanza kuhesabu vichwa, kisha nikawa naandika sifuri bila kuinua macho. Muhula wa pili niligundua kwamba kuna mvulana aliyekuwa ametoweka tangu kabla ya Pasaka. Sifuri zake zilikuwepo zote, zimepangika vizuri, nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeziandika na sikuziona. Nilipofika kwao, majirani waliniambia familia ilihama, na hakuna aliyejua ilielekea wapi.

Upendo wangu kwa watoto haukuwa umepungua. Hesabu ndiyo iliyokataa. Mwalimu mmoja ana macho mawili na miguu miwili, na jioni ina saa chache.

Ndiyo maana leo, tarehe 5 Oktoba, naomba turudi kwenye asili ya siku hii. Nchi nyingine zina siku zao. Wahindi huwaenzi walimu tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyefundisha vyuo vikuu kisha akawa rais wao. Sisi tunafuata ya dunia, na hiyo haikutokana na siku ya kuzaliwa ya mtu. Ilitokana na waraka. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mkutano ulioitishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha waraka kuhusu hadhi ya walimu. Una aya 146. Maadhimisho yenyewe yalianza baadaye, mwaka 1994.

Nimeusoma waraka ule. Hauna shairi hata moja ndani yake. Unazungumzia mshahara: mwalimu alipwe kwa namna inayolingana na kazi nyingine zinazodai elimu kama yake. Unazungumzia likizo, ugonjwa, uzazi, uzee. Na kuna mahali unasema madarasa yawe na idadi ya wanafunzi inayomwezesha mwalimu kumshughulikia kila mmoja wao. Kila mmoja wao! Nilipofika hapo niliweka karatasi mezani nikakaa kimya. Mwaka 1966 mimi nilikuwa bado mtoto mdogo, na tayari watu walikuwa wameandika jambo ambalo lingemwokoa yule mvulana wangu wa 2003.

Na hata hapa kwetu heshima ya mwalimu haikuletwa na pongezi. Kabla ya uhuru mwalimu huyu aliajiriwa na misheni, yule na baraza la wilaya, na masharti ya kazi yakatofautiana. Walimu wakaunda chama chao, KNUT, Desemba 1957, wakadai mwajiri mmoja, na mwaka 1967 ikaanzishwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Kila mliyemsikia akisema "niko TSC" anasimama juu ya madai ya watu waliotembea na mabango, wengi wao sasa wako makaburini.

Leo mtasikia mengi kwamba mwalimu ni mshumaa, mwalimu ni mzazi wa pili, mwalimu alimfundisha rais. Ni kweli, Jaramogi Oginga Odinga alifundisha hapo Maseno, na Daniel arap Moi alishika chaki kabla ya kushika nchi. Sina ugomvi na sifa hizo. Ila ninayo hofu juu ya sifa moja, ile ya kujitolea, na nitaieleza kwa kutumia mtu ninayemheshimu sana.

Machi 2019, kule Dubai, tulimwona ndugu yetu Peter Tabichi akipokea tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Ni mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa sayansi katika shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, kule Nakuru. Shule yenye kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Watoto wake wa kijijini walifika mashindano ya sayansi ya kimataifa. Nililia nikitazama runinga. Kisha tukaambiwa kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kuwasaidia wanafunzi wasioweza kununua sare na vitabu. Nchi nzima ikapiga makofi.

Nilipiga makofi pia. Usiku nikaanza kuwaza. Zile asilimia 80 zilikuwa zinaziba pengo la nani? Sare ile, kitabu kile, vilikuwa deni la nani? Ndugu Tabichi aliweka nadhiri ya ufukara, na alitoa kwa moyo wake, Mungu amlipe. Lakini mwalimu wa kawaida ana watoto watatu na mama mgonjwa na mkopo wa chama. Tukimfanya yule mtawa kuwa kipimo, tutamdai kila mwalimu awe mtakatifu ili sisi wengine tusilipe tunachodaiwa. Na yule ambaye hawezi, tutamwita mvivu.

Tazameni vijana wetu wa sekondari msingi. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza, watoto wakabaki katika boma letu badala ya kwenda sekondari. Waliletwa kuwafundisha vijana wenye digrii, wakaitwa wanagenzi, wakapewa mkataba wa mwaka na posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato. Kijana mwenye digrii ya kemia alifundisha sayansi, na hisabati, na kilimo, na hata muziki ambao hakuusomea. Mwaka 2024 waligoma majuma kadhaa wakitaka ajira ya kudumu. Nilisikia mzazi mmoja sokoni akisema, "Hawa hawana wito." Mama yangu, nilitaka kukujibu siku ile lakini ulikuwa na haraka. Nakujibu leo. Wito haulipi kodi ya nyumba Nyamasaria. Kijana anayewaza atakula nini jioni hawezi kusikia "nipo" ya mtoto mwenye njaa, kwa maana sauti hiyo hiyo iko tumboni mwake.

Na msisahau 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, walimu wa shule za kibinafsi wengi hawakupata hata senti kwa miezi. Namjua mmoja aliyefundisha watoto wa watu Kiingereza kwa ufasaha mkubwa, akauza mboga kando ya barabara ya Kericho, na watoto wale wakipita kwenye gari la baba yao wanampungia mkono. Aliwapungia pia.

Nakaribia kumaliza. Watoto mmevumilia, nawaona.

Katika shule hii kuna walimu wawili wa bodi, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, siyo na TSC. Mmoja anafundisha Gredi ya 4, mwingine sayansi ya Gredi ya 8. Sitawataja, maana sikuwaomba ruhusa, na hawakunituma. Nimejua habari zao kwa kuuliza. Tulikubaliana nao shilingi 8,000 kwa mwezi, nasema tulikubaliana kwa kuwa ni mkutano wa wazazi uliopitisha, na muhtasari upo. Mara ya mwisho walilipwa Mei. Tangu hapo wamekuja kila siku. Jana nilipita saa mbili kasoro robo nikamsikia mmoja wao akiita majina, polepole, jina moja moja, anangoja jibu. Alipofika kwenye jina lisiloitikiwa, aliinua macho.

Serikali tutaidai walimu wa kudumu. Barua imeandikwa, iko kwa katibu wa bodi, nami nitaongozana na mwenyekiti kuipeleka Jumatatu, na tutarudi kila mwezi hadi tupate jibu. Lakini miezi hii ya nyuma ni deni letu sisi, siyo la Nairobi. Mtu asilete fedha hapa akidhani anatoa sadaka. Alete alichoahidi.

Mweka hazina yuko pale chini ya mwembe. Amechora mistari kwenye daftari jipya, na majina ya wazazi wote yameshaandikwa. Nimemwomba asome moja baada ya jingine, kwa sauti, na asiruke jina. Mama Mweka Hazina, kalamu zote mbili unazo? Haya, anza.